Waliosahau wa Mstari Wetu

Jumanne, 1 Juni 1976
Pamba ya shamba la chini imekwisha kuchumwa. Mgongo unauma. Barua ya Milembe imefika. Nimeisoma mlangoni, kwa sauti, majirani wasikie. Nani mwingine hapa Mhunze ana binti anayesomea udaktari Ulaya? Hakuna. Na mama yake darasa la nne tu.
Anasema huko kuna jumba zima la wazee waliosahau mpaka majina ya watoto wao. Mwalimu wake amewafundisha kwamba Afrika ugonjwa huo ni nadra. Milembe anauliza, mama, ni kweli? Ametuma maswali niwaulize wazee.
Nadra! Nani alikuja kutuhesabu?

Jumatano, 2 Juni
Nimeanza na mama mkwe wangu, maana siku hizi anasahau. Leo tarehe ngapi? Akaniuliza kama ndama wamefungwa. Mwezi gani? Wa kuchuma pamba. Hesabu kurudi nyuma toka ishirini. Akacheka. "Bebe, wewe, nani anahesabu kinyumenyume? Unataka ng'ombe wapotee?"
Amefeli. Lakini Baba Milembe naye hakujua tarehe. Mimi naijua kwa sababu ya daftari hili. Maswali haya ni ya watu wenye kalenda ukutani.

Jumamosi, 5 Juni
Nimetunga maswali yangu. Akili ya Milembe imetoka kwangu, sifichi. Ng'ombe wa mahari yako walikuwa rangi gani? Mama mkwe akawataja mmoja mmoja, mpaka yule wa pembe iliyovunjika. Nikafurahi. Na mimi ni nani? Akanitazama sana. Akasema, karibu mgeni.
Miaka ishirini na miwili naishi naye. Imeniuma.
Basi maswali mabovu, lakini ugonjwa upo.
Milembe anauliza pia kama anatumia tumbaku, kama aliwahi kuumia kichwa, kama alisoma. Ugoro ananusa. Kichwa hakuumia. Shule hakuiona. Lakini bibi yangu mzaa mama alinusa ugoro, shule hakuiona, na alikufa akimkumbuka kila ndama. Sasa ugonjwa huu unachagua vipi? Swali hili nalala nalo, naamka nalo.

Alhamisi, 10 Juni
Balaa. Asubuhi mama mkwe amekutwa jikoni kwa Mama Shija, nyumba ya tatu toka kwetu, anawasha moto. Tangu tuhamishiwe hapa nyumba zimepangwa mstari, zote sura moja. Hata mimi wiki ya kwanza niliingia kwa watu. Mama Shija kapiga yowe kijiji kizima kikatoka.

Jumamosi, 12 Juni
Mtoto mdogo wa Mama Shija ana homa. Kisimani wamenyamaza nilipofika. Mmoja akasema, "Macho yale mekundu, jamani." Macho! Tunapikia mavi ya ng'ombe, moshi mtupu, nani yake meupe?
Naogopa. Vikongwe wameuawa kwa neno hilohilo, eti macho mekundu ni uchawi. Masanja, shemeji yangu, anataka tumwondoe mama kabla watu hawajaja. Baba Milembe kimya. Nimekasirika. Aende wapi? Hapa penyewe anapotea.

Jumatatu, 14 Juni
Nimechukua daftari na barua, nimekwenda kwa Mama Shija mwenyewe. Nikamwambia Milembe anataka wazee wote, nimwone na baba mkwe wake, Mzee Luhende. Akasema amelala. Nikasikia mtu anagonga mlango wa ndani. Umefungwa kwa kamba.
Nikaufungua. Mzee amekonda. Mimi kanisalimia vizuri. Kisha akamgeukia mke wa mwanawe: "Shikamoo, mayu." Alidhani ni mama yake. Mama Shija akajifunika uso kwa kanga.
"Huu ni uzee tu, Mama Milembe."
"Na wa kwangu?"
Akaiokota ile kamba, akaikunja. Mwanamume akisahau ni uzee, mwanamke akisahau ni mchawi, na wote tunawaficha. Aliyefichwa nani atamhesabu?
Nikambeba mtoto mgongoni, tukaenda zahanati pamoja. Malaria.

Jumatano, 16 Juni
Mtoto amecheza leo. Mama Shija kawaambia kisimani, "Anayemsema bibi yule aanze na baba mkwe wangu." Halafu mmoja akasema mama yake anakula, ananawa, anadai hajala tangu jana. Mwingine, baba yake anachunga ng'ombe ambao hawapo. Wakacheka, wakalia. Nimeandika mpaka penseli ikaisha.
Jioni Masanja kaja kumchukua mama. Baba Milembe kampa kigoda, kampa uji, kamwambia mama haendi popote. Nilidhani hana ulimi!

Jumapili, 20 Juni
Nimemjibu Milembe. Namba sikupeleka, nimepeleka watu: huyu anafanya hivi, yule hivi. Mwalimu wake ahesabu mwenyewe. Kwa nini ugonjwa unampata huyu unamwacha yule, atafute yeye. Mimi bado natafuta huku.
Mchana tumebangua karanga, mimi na mama mkwe, kivulini pa nyumba. Akaniuliza barua ile ya nani. Nikamwambia ya mjukuu wake, anasomea udaktari Ulaya. Akapiga kigelegele. Baada ya kidogo akauliza tena. Nikamwambia tena. Akapiga tena, kama hajawahi kusikia.
Mara ya nne nimeongeza kwamba ni wa kwanza darasani.