Ufunguo wa Baba na Betri Iliyochoka

Mshauri ninayekusoma kila Jumamosi, nisaidie kwa swali ambalo nimepambana nalo tangu mvua zilipoanza: mtoto atajuaje kama kinachochakaa ni gari la baba au ni baba mwenyewe?

Baba yangu ana miaka sabini na minne, na kwa miaka thelathini na mmoja aliendesha gari la wagonjwa, kwa hiyo siandiki habari za mtu aliyeshika usukani jana, ila miezi miwili iliyopita gari lake dogo la gia za kujibadilisha lilianza vituko: saa ya dashibodi hurudi sifuri kila asubuhi, vioo hupanda kwa kujivuta, taa za tahadhari huwaka tatu kwa pamoja kisha huzimika zenyewe, na wiki tatu zilizopita, tukienda kumchukua mama kwenye mazoezi ya goti, gari liling'ang'ania gia moja katikati ya mzunguko wa barabara, likanguruma bila kukimbia, wa nyuma wakatupigia honi, nami nikamwona baba akiutazama mkono wake juu ya gia kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Sijaigusa," alisema. "Mwanangu, mimi sijaigusa."

Nilimwita fundi wa mtaani, akalisikiliza gari kwa dakika mbili, akatamka kwamba giaboksi imekwisha. Kaka yangu alipopata habari alicheka kwenye simu: "Giaboksi wapi, dada? Mzee siku hizi anachanganya gia na swichi ya redio." Na mimi, ambaye kazi yangu chuoni ni kufundisha takwimu, yaani kuwazuia vijana wasikimbilie hitimisho, nilikimbilia hitimisho la kaka, nikamwomba baba ufunguo nikidai naupeleka kwa fundi mwingine, nikaufungia kwenye droo ya mitihani ofisini kwangu, na huko uko hadi leo.

Baba hakubishana, na hilo ndilo linaloniumiza, maana huyu ni mtu aliyekuwa akibishana hata na mtabiri wa hali ya hewa. Mama ndiye aliyesema. Ni lazima nieleze kwamba tangu apasuliwe goti hawezi kukaa kwenye makochi yetu yaliyozama, bali kiti cha gari kinamfaa, na kwa hiyo kila alasiri wazee hawa wawili walikuwa wakikaa ndani ya gari uani, milango wazi, wakisikiliza nyimbo za zamani redioni kwa saa mbili nzima na kugombana kuhusu nani aliimba nini. Sasa redio haiwaki bila ufunguo. "Ulichukua ufunguo wa baba yako, binti yangu," mama aliniambia, "lakini sebule uliyoifunga ni yangu."

Je, nimemlinda baba au nimemvunja moyo? Nikimrudishia ufunguo kisha akapata ajali, nitajisamehe vipi?

Binti wa Dereva

*

Binti wa Dereva,

Pole. Sasa keti nikugombeze kidogo, kwa kuwa jibu la nusu ya swali lako uliliandika mwenyewe, ukalipita kama mtu anayeruka dimbwi.

Redio saa mbili kila siku, injini imezimwa, taa ya ndani inawaka kwa sababu milango iko wazi. Kisha safari fupi ya kumfuata mama, isiyotosha kurudisha umeme uliotumika. Sikutaka kuamini wazo langu haraka kama ulivyoliamini la kaka yako, nikaipeleka barua yako kwa fundi umeme wa magari aliye jirani na ofisi yetu. Alisoma hadi kwenye redio, akaiweka chini. "Hawa wazee," alisema, "wameila betri kwa nyimbo."

Alinieleza hivi. Gia za gari la namna hiyo huamuliwa na kompyuta ndogo, na kompyuta hiyo huishi kwa umeme. Betri ikichoka, umeme hushuka na kuyumba, kompyuta hupata taarifa zisizoeleweka, na kwa kujihami hulibakiza gari kwenye gia moja. Saa kurudi sifuri, vioo kujivuta na taa kuwaka ovyo vinaelekea huko huko. Giaboksi inaweza kuwa nzima kabisa, ingawa yeye mwenyewe alikataa kuapa kabla ya kupima.

Basi usikubali mtu afungue giaboksi leo. Mpate fundi mwenye mita ya kupimia umeme. Aipime betri gari likiwa limepumzika, aipime tena wakati wa kupiga stata, kisha injini ikiwa inaunguruma, ili ajue pia kama inachajiwa. Asafishe vichwa vya betri, maana ukungu mweupe unaoota hapo huzuia umeme. Ikibidi, betri ibadilishwe, makosa yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta yafutwe, na gari lijaribiwe barabarani. Vituko vikiendelea baada ya hapo, ndipo giaboksi ichunguzwe.

Baba awepo wakati wa kupima. Yeye ndiye aliyesema hajaigusa. Ufunguo umrudishie mkononi, usimwachie mezani, na umwambie wazi kwamba ulimdanganya. Kwa kuwa umri nao una haki ya kupimwa, nendeni naye kwa daktari wa macho, nawe upimwe siku hiyo hiyo ili asijione mshtakiwa. Wazee wanunulie redio ndogo inayojitegemea, iwekwe juu ya dashibodi, na taa ya ndani izimwe. Sebule ya mama ifunguliwe leo, kabla ya fundi kufika.

Nimebaki na sentensi yako moja ambayo sijaweza kuitatua: baba akiutazama mkono wake. Mita itakuambia habari za betri, na daktari habari za macho. Mtazamo ule huenda ulikuwa mshangao wa dereva hodari aliyesalitiwa na mashine, na huenda alikuwa akijiuliza swali lako, kama kinachochakaa ni gari au ni yeye, kabla hujaliuliza. Sijui ni lipi, na nisingependa kujifanya najua. Wewe uliuona mkono huo kutoka kiti cha abiria, mimi nimeusoma kwenye karatasi, na mwenye mkono bado hajaulizwa.