Kitabu Chenye Mama Wawili

Ijumaa, Al Wakrah, Qatar. Nje kuna unyevu wa kutia miwani ukungu. Leo siendi kazini, na nina hasira tangu asubuhi.

Kitabu chenyewe nilikituma mimi. Familia ya Wazungu iliyohama hapa jirani iliacha boksi la vitabu vya watoto, nikavibeba vyote nikampa mwenzangu wa wodini aliyekuwa akienda likizo Kenya. Sikusoma hata kimoja. Picha zilikuwa nzuri, ikatosha.

Leo binti yangu Wanja, wa miaka mitano, amenionyesha kimoja kwenye simu ya video. Nyumba, paka, mtoto, na wanawake wawili walioshikana mikono. Vitabu vya aina hiyo hapa Qatar huvioni dukani.

"Mami, hii ni sisi," akasema. "Huyu ni mami Nyambura, huyu ni mami Atieno, na huyu ni mimi."

Nyambura ni dada yangu. Atieno ni "rafiki" anayeishi naye Nakuru, na kwetu wote tumejifanya hatujui kwamba wanalala kitanda kimoja. Mimi hasa, maana wananilelea mtoto.

Nikamwuliza Wanja mimi niko wapi. Akafungua ukurasa mmoja mmoja, maskini, akinitafuta. Akasema labda nimeenda duka.

Nikamwambia ampe Nyambura simu. Nilimwita dada yangu kila jina chafu ninalolijua. Nikamwambia akichome kitabu, na kwamba mwanangu hatalala tena nyumba moja na yule mwanamke wake. Mwishowe nikaishiwa pumzi.

"Vile viatu ulituma hazikumtosha," akasema. "Atieno alimnunulia zingine. Hatukutaka kukwambia."

Hilo ndilo lililoniuma, si kitabu.

Nikampigia mama. Kesho atamchukua Wanja akaishi naye Nyahururu. Mama hana subira na watoto, najua. Sisi alitulea kwa fimbo. Lakini ni afadhali Wanja alie kwa shosho kuliko acheke pale bila mimi. Nimeyaandika hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo ninavyohisi.

Jioni nikampigia Wanja mwenyewe kumpa habari. Nilijiandaa kwa machozi, hayakuja. Alikuwa amekaa mapajani mwa Atieno, ambaye aligeuza uso nisimwone.

"Sawa, anti," Wanja akaniambia.

Ningeweza kumpigia mama nimzuie. Sijampigia. Kesho nina zamu ya asubuhi.