Nyundo Sita za Marehemu Léon

MAELEZO YA SHAHIDI

Yamechukuliwa katika kituo cha polisi, Kalemie, jimbo la Tanganyika, Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, kuanzia saa tatu na dakika kumi asubuhi, mbele ya Inspekta Gracieuse Mwenge, afisa wa upelelezi.

Jina la shahidi: Pontien Kaseba
Umri: miaka 66
Kazi: fundi mstaafu wa karakana ya reli
Makao: mtaa wa Kataki, Kalemie
Hali ya ndoa: mjane tangu mwaka 2017

Nimeitwa hapa kwa ajili ya malalamiko ya Bwana Serge Kaomba. Anasema kwamba Mama Huguette, mke wa marehemu kaka yake Léon, ameiba nyundo za ukoo wao na kunipa mimi. Nimeapa kusema kweli.

Marehemu Léon Kaomba nilimfahamu tangu mwaka 1984. Tulifanya kazi pamoja miaka ishirini na sita, meza yake kando ya yangu. Yeye alikuwa fundi wa bati na mabomba, mimi fundi wa vipuri. Alifariki tarehe 11 Februari 2023 kwa ugonjwa wa figo. Nilikuwa mmoja wa watu sita tuliobeba jeneza. Mdogo wake Serge alikuwa Moba kwa kazi yake ya boti, na boti ya kumleta iliharibika njiani. Alifika siku mbili baada ya maziko. Ninalitaja jambo hili kwa sababu nilimwona siku ile amesimama peke yake kaburini na mkoba wake bado begani, na sijalisahau.

Mwezi wa Aprili 2024 ziwa lilipanda. Nyumba ya Léon ilikuwa karibu na ufuko, maji yakaingia hadi kwenye madirisha. Mama Huguette aliokoa godoro, sufuria na picha za watoto. Akiwa anatoka, aliteleza akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, na mfupa ulijiunga vibaya. Sanduku la vyombo vya kazi vya mumewe lilibaki mle ndani. Lilikaa katika maji na matope zaidi ya mwaka mmoja.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, saa mbili asubuhi, Mama Huguette alikuja kwangu. Sanduku lilikuwa limefungwa nyuma ya baiskeli ya jirani yake. Tulilishusha. Ndani kulikuwa na nyundo sita, zote za aina moja: upande mmoja uso bapa wa kupigia, upande wa pili kichwa cha duara kama yai, cha kukunja bati na kufunga ribiti. Mipini ilikuwa imeoza. Vyuma vilikuwa vyekundu kwa kutu, na katika tundu moja mdudu alikuwa amejenga.

Mama Huguette alisema: "Papa Pontien, unichagulie moja yenye mukono wangu huu utaweza kubeba."

Nilimwuliza anataka kuifanyia nini.

Alijibu: "Mbabula. Léon alikuwa anatengeneza kila siku ya mungu kisha misa, miye namushikilia bati. Vipimo vyote niko navyo kichwani. Na tena nyumba inanyamaza sana, Papa Pontien. Nilizoea makelele yake."

Kwa wasiojua, mbabula ni jiko la makaa, na siku ya mungu ni Jumapili. Nilichukua nyundo ya kwanza nikaanza kuikwangua kwa kisu.

Afisa ameniomba nieleze jinsi nilivyozichagua, kwa sababu mlalamikaji anasema nilijichukulia zilizo bora. Nilizifunga moja moja kwa kamba, nikazining'iniza kwenye boriti, nikazigonga kwa msumari. Nyundo nzima inalia na sauti yake inakaa. Tano zililia. Ya sita ilitoa sauti ya chungu kilichopasuka, nikatazama nikakuta ufa kwenye tundu la mpini. Hiyo hairudi kazini, kwa sababu siku moja kichwa kitaruka kimpige mtu usoni. Mama Huguette alisema nisiitupe. Aliifunga katika kitambaa.

Katika zile tano, moja ilikuwa kubwa, nzito karibu kilo moja. Nne zilizobaki zilikuwa na alama ya Léon shavuni, yaani ubavuni mwa kichwa, nukta tatu za patasi. Alama hiyo aliipiga mbele yangu. Nyundo mbili alizinunua sokoni Nyunzu tulipotumwa huko kutengeneza reli, na mbili alizitoa kwenye rundo la vyuma chakavu karakanani, kwa karatasi ya ruhusa ambayo mimi nilitia sahihi kama shahidi. Kwa hiyo hizo nne si za ukoo. Ni za Léon, na Léon alikuwa na mke.

Ile kubwa haikuwa na nukta. Ilikuwa na herufi K iliyochongwa zamani. Hiyo ni ya baba yao, Mzee Kaomba. Léon mwenyewe aliniambia hivyo mara nyingi, na Serge anaposema ni ya ukoo, hasemi uongo. Nataka iandikwe hivyo.

Iandikwe pia kwamba Mama Huguette aliitambua kabla yangu. Alisema siku ile ile: "Hii ni ya baba yao. Utengeneze na hii, tena hii ndjo utengeneze muzuri kuliko zingine. Serge atakuja kuichukua."

Kazi ilichukua wiki nyingi kwa sababu naona vibaya jioni, nafanya asubuhi tu. Vichwa nilivilaza siku mbili katika maji ya ndimu, nikavisugua kwa mchanga na gunia, kisha msasa. Nyundo moja uso wake ulikuwa umefumuka pembeni kama uyoga, nikaukata kwa tupa pole pole, kwa sababu ukitumia mashine chuma kinapata moto na kupoteza ugumu. Sikuzing'arisha zote hadi mwisho. Kuna mahali kidole gumba cha Léon kilikuwa kinapita kila siku na chuma kimelainika, hapo sikupitisha msasa.

Mipini niliichonga kwa mti wa mpera uliokauka nyuma ya nyumba yangu. Nyundo ya Mama Huguette nilichagua ile ndogo kuliko zote, ya gramu mia tatu hivi. Nilimwomba aje, nikampima kiganja kwa uzi. Mpini wa kwanza ulikuwa mnene, akasema unamuuma. Wa pili ulikuwa mzuri lakini mfupi. Wa tatu niliukwangua kwa kigae cha chupa hadi akafumba macho akausikiliza mkononi, akasema: "Hapa." Niliupaka nta niliyopewa na muuza asali, kwa sababu mawese hayakauki na mpini unateleza.

Alikuja kwangu mara tisa kati ya Juni na Agosti. Nimeulizwa kama alikuja peke yake. Mara saba alikuja na binti yake Mamie, mara mbili peke yake. Tulikaa barazani, watu wakipita. Mara zote mbili alinipikia chai, akasema yangu ni maji ya kuoshea vikombe.

Mnamo Jumamosi tarehe 30 Agosti 2025, saa tisa alasiri, nilizipeleka nyundo nyumbani kwake. Anapanga vyumba viwili nyuma ya soko dogo la Kataki. Uani nilikuwa nimemwekea gogo la kupigia. Alikata bati, akaanza kukunja ukingo. Pigo lake lilikuwa zuri lakini alishika karibu mno na kichwa, kwa hofu ya kile kifundo. Mkono ungemvimba kesho yake. Nilisimama nyuma yake kidogo, nikaweka mkono wangu juu ya wake, nikausogeza chini ya mpini. Nilimwambia: "Uachilie nyundo ifanye kazi. Weye uipeleke tu." Tulipiga pamoja mara nne au tano.

Wakati huo, saa kumi kasoro robo, Serge aliingia. Alikuwa ametoka bandarini, ana samaki wawili wa kumpa shemeji yake. Alitukuta hivyo.

Alisema: "Kumbe ndjo hivi."

Mama Huguette alimwambia: "Serge, ingia. Nilikuwa nakungojea."

Serge alisema: "Unaningojea na mukono wa nani juu ya wako? Kaka yangu hajamaliza hata miaka tatu." Halafu aliiona ile nyundo kubwa juu ya kitambaa, safi, na mpini mpya. Akasema: "Hata ya baba mumegawana."

Nilitaka kumweleza. Aliangusha samaki chini, akatoka. Hakumpiga mtu, hakutukana. Machozi yalikuwa yanamtoka. Mama Huguette alimfuata hadi barabarani akimwita, hakugeuka. Alirudi, akaokota samaki, akawaosha, akaniambia: "Alikosa maziko, Papa Pontien. Hasira yake haina mahali pa kwenda."

Jumatatu tarehe 1 Septemba, saa nne asubuhi, polisi wawili walikuja kuchukua nyundo zote sita. Zipo hapa mbele yangu juu ya meza na ninazitambua. Mama Huguette alihojiwa siku hiyo hadi saa kumi. Mtaani watu wameanza kumwita mwizi wa vitu vya marehemu. Jumapili iliyopita kwenye misa hakuna aliyekaa benchi moja naye, ila Mamie. Mimi nilikwenda kukaa pale. Labda nilikosea, kwa sababu maneno yaliongezeka.

Nimeulizwa na afisa: nyundo hizo ulipewa kama zawadi au malipo?
Hapana. Sina hata moja kwangu. Mnaweza kutafuta.

Nimeulizwa: kwa nini basi ulifanya kazi ya miezi miwili na nusu?
Léon angefanya kwa ajili ya mke wangu. Denise alipokuwa mgonjwa, Léon alikuja kila siku jioni, akakaa naye ili mimi nipate usingizi wa saa mbili. Hakutaka kushukuriwa.

Nimeulizwa: hiyo ndiyo sababu pekee?
Nimemwomba afisa aniruhusu ninywe maji kwanza. Ameniruhusu.

Nimeapa, kwa hiyo nasema. Sababu hiyo ilikuwa kweli mwezi wa Juni. Mwezi wa Agosti haikuwa pekee. Nilikuwa ninakwangua mpini ambao umeshakuwa tayari, ili asije kuuchukua upesi. Siku alizosema atakuja nilifagia uwanja mara mbili. Mimi ni mtu wa miaka sitini na sita, nilifikiri mambo hayo yamekwisha na Denise. Sijamwambia kitu. Sijamgusa ila ule mkono, na siku ile niliugusa kwa ajili ya kazi, lakini sitasema kwamba sikuusikia mkononi mwangu baadaye. Kama Serge aliona kitu usoni pangu, basi alikiona. Lakini hakuna wizi, na Mama Huguette hana kosa lolote. Hajui.

Kwa Serge nina neno moja, kama sheria inaruhusu. Kaka yako hakuondolewa mahali pake. Nilipokuwa nasafisha nyundo zake, nilikuwa naongea naye.

Nina ombi. Karatasi hii isisomwe mbele ya Mama Huguette kabla sijamwambia mimi mwenyewe. Sitaki ajue jambo hilo kwa mdomo wa polisi. Nipewe siku chache, sijui nitaanzia wapi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyafanya. Hakuna aliyenilazimisha kuyasema. Nimesomewa kwa Kiswahili, nimeyakubali, natia sahihi.

(Sahihi) Kaseba Pontien

MAELEZO YA AFISA

Maelezo yalimalizika saa tano kasoro dakika tano. Mlalamikaji Serge Kaomba aliitwa ndani saa tano na dakika ishirini. Nilimsomea sehemu inayohusu nyundo na neno alilotumiwa. Alionyeshwa nyundo yenye herufi K, akaitambua kuwa ya baba yake. Aliishika muda mrefu, kisha akauliza nani amechonga mpini. Aliondoa malalamiko yake na kutia sahihi. Alipokea nyundo hiyo moja. Nyingine tano zimerudishwa kwa mwenyewe, Bi Huguette.

Kuhusu ombi la shahidi, ninalazimika kuandika kwamba halikuweza kutimizwa. Shahidi ana sikio moja lisilosikia kwa sababu ya kazi ya karakana, na huongea kwa sauti ya juu bila kujua. Mlango wa biro ya mahojiano ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Bi Huguette alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini tangu saa tatu. Yeye na watu wote wa benchi hilo walisikia kila neno.

Shahidi, aliyengoja ndani hadi nyundo ziliporudishwa, alipotoka alimkuta Bi Huguette amesimama. Bi Huguette alimsogezea kola ya shati iliyokuwa imekunjika, akamwambia: "Twende, Papa Pontien. Utaanzia njiani."

Waliondoka kwa miguu saa sita kamili. Jalada limefungwa.

(Sahihi) Inspekta Gracieuse Mwenge