Magurudumu ya Katikati

Mdogo wangu,

Salamu zangu zikukute umekaa vizuri, wewe na watoto na wajukuu, na huo mgongo nasikia siku hizi umekupa nafasi. Sisi huku tunapumua. Shemeji yako hajambo, mdomo wake mzima kuliko mwili. Mimi nakohoa kidogo asubuhi, si la kukutia wasiwasi. Mwandiko wangu unaujua, kama kuku kapekua majivu, basi soma taratibu, na usimpe mtu akusomee.

Nimemaliza injini ya treni. Ile ile uliyokuwa ukiendesha, namba ile ile ubavuni, ila hii unaibeba kama mtoto mchanga. Miaka mitatu. Hakuna fundi aliye hai anayeweza kuitengeneza, na waliokufa pia nawatilia shaka. Inachemsha maji ya kweli kwa moto wa spiriti. Ina vyuma vyote vya breki, vishikio, ngazi ya kupandia dereva, hata koleo la makaa. Magurudumu matano kila upande, yote kumi nimeyachonga mwenyewe, kila moja na ule ukingo wake wa ndani unaoshika reli.

Reli nimezilaza chumba cha nyuma, kutoka mlangoni mpaka dirishani. Kona nimeweka moja tu, ile kali ya njia ya kwenda kinu cha mkonge, ulipopinduka na treni. Nilikwenda kuipima kwa kamba. Reli zilishang'olewa lakini kokoto zipo, na kila futi arobaini nikazifanya futi moja. Shemeji yako anasema nimemtoa chumbani nikaoa chuma, na siku chuma kikipata homa nisimwite.

Nia yangu ilikuwa uje uione ikipita pale polepole bila tatizo, ili mimi na wewe tuwe na uhakika kwamba shida ilikuwa mwendo wa kasi, kama ilivyoandikwa kwenye ripoti ya ajali.

Haikupita. Kwanza ngazi ilikuwa inagusa gurudumu la mbele kila ikikata kona, nikaikunja nje kwa unene wa ukucha. Halafu vyuma vya breki vikawa vinakwaruza, navyo nikavisogeza. Kupunguza kitu kwa tupa nilikataa, maana injini ilikuwa hivyo na itabaki hivyo. Nikashusha moto mpaka ikawa inatambaa kama konokono. Ikifika katikati ya kona, gurudumu la tatu linapanda juu ya reli, pole pole, kama mtu anayepanda kitanda, na injini inalala ubavu. Nikazima moto nikaisukuma kwa kidole. Ikalala. Wiki mbili mchezo ndio huo.

Shemeji yako akaenda kumwita fundi saa wa mtaani kwetu, bila kuniuliza. Kijana yule akainama, akatazama kwa kile kioo chake cha jichoni, akasema mzee, haya ya katikati hayatakiwi kuwa na ukingo, injini ndefu kwenye kona kali lazima ya katikati yawe laini yateleze, na hata zile kubwa zilitengenezwa hivyo. Nikamwambia arudi kwenye saa zake, mimi nilikuwa nafunga magurudumu ya treni yeye akiwa bado anakojoa kitandani. Hakukasirika. Akaniuliza tu, sasa mzee, ile kubwa uliyoiiga ilikuwaje? Nikamfungulia mlango atoke.

Siku tatu sikuingia chumba kile. Ya nne nikachukua tupa, nikaondoa ukingo wa yale mawili ya katikati, nikawasha. Ikapita. Nikaongeza moto mpaka bomba likalia, ikapita kwa kasi ambayo wewe hukuwahi kuifikia maisha yako yote. Shemeji yako akapiga makofi mlangoni. Mimi nikakaa sakafuni. Alidhani ni furaha.

Mdogo wangu, wiki moja kabla ya ajali injini yako ililetwa kwetu karakana, magurudumu laini ya katikati yamepasuka. Stoo hayakuwepo mengine. Msimamizi akasema isubiri. Mimi nikasema fundi kama mimi hasubiri stoo. Nikafunga mawili yenye ukingo kutoka injini nyingine, nikajisifu mbele ya wenzangu kwamba sasa inashika reli kuliko ilivyotoka kiwandani. Njia kuu imenyooka, ikaenda vizuri wiki nzima. Siku ile ndipo wakakupa zamu ya kinuni, na mtia makaa wako akafa.

Usidhani nimejua juzi. Nilijua siku ile ile. Nilikuja na watu wa kuinua injini, nikaona reli ilivyokwaruzwa. Ilipofika karakana, kabla mkaguzi hajaja, nikayatoa yale mawili, nikarudishia yaliyopasuka, nikasema yamepasuka kwenye ajali. Mkaguzi akaandika mwendo. Wewe ukaja kwangu unaapa hukukimbiza, na mimi kaka yako nikakuambia acha ubishi, mwanamume hukubali kosa lake. Ukakubali. Wakakufukuza kazi. Kinachonimaliza ni kwamba ulikubali mpaka ukaamini. Miaka thelathini na moja unakwenda kwa mjane wa yule mtia makaa kumwomba radhi, na ukitoka huko unapita kwangu, nami nakukaribisha chai.

Nilitengeneza injini hii nikitumaini itapita na magurudumu yangu yenye ukingo, angalau kosa tugawane. Imekataa.

Waliotia sahihi ripoti wote wamezikwa, karakana sasa ni ghala la mbao. Hakuna wa kumpelekea habari hii isipokuwa wewe na yule mama. Kwake nimefika mpaka getini mara mbili, nikageuka. Sijui kama nitapata ya tatu. Kwa hiyo mpelekee barua hii aisome, na usiende tena kumwomba radhi. Hukumkosea kitu.

Shemeji yako anakusalimu, anajua nakuandikia habari za injini tu. Wasalimie watoto, kama utaweza kunitaja mbele yao. Jibu silitegemei. Ulikuwa unakwenda polepole, mdogo wangu, kama ulivyosema.

Ni mimi kaka yako, wa tumbo moja na wewe,
Fundi