Taa ya Gari la Shule

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Fundi, kama anavyojulikana mtaani (jina kamili liko kwenye jalada)
Umri: miaka 57
Kazi: kushona na kurekebisha nguo nyumbani
Elimu: darasa la tatu
Makazi: nyumba ya geti la bluu, nyuma ya ghala la mbao
Tarehe na saa: Jumamosi, tarehe 16 mwezi wa tano, saa 3:20 asubuhi

Mimi ni mama mzazi wa yule fundi mnayemshikilia humu tangu jana mchana. Sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa miguu yangu, kwa sababu jambo nililonalo siwezi kurudi nalo nyumbani tena. Naomba niende taratibu, maana nikiharakishwa huchanganya saa.

Binti yangu anapima magari uani kwetu. Hana gereji. Ana mashine ndogo kama kipande cha sabuni, yenye waya. Waya anauchomeka chini ya usukani, mashine inaandika namba, na kila namba ina ugonjwa wake. Maandishi yake siyajui. Vitufe navijua kwa mahali vilipo, kwa kuwa cherehani yangu iko barazani, hatua nne tu kutoka anapofanyia kazi, na huu ni mwaka wa pili namwangalia.

Mnamo Alhamisi tarehe 14, saa kumi jioni, alikuja dereva wa gari la shule. Tunamfahamu. Watoto wanamwita Babu Pole, kwa sababu haendi mbio hata akifukuzwa. Mbele ya usukani taa mbili zilikuwa zinawaka, ya joto na ya injini. Binti yangu akachomeka mashine, akasoma, akasema, "Namba mbili, Babu. Moja ya feni ya rejeta, nyingine ya bomba la moshi."

Babu Pole akasema, "Hilo gari lina uongo, fundi. Lilianza zamani."

"Gari halijui kudanganya. Wewe ndiye unayejua."

Tukacheka wote watatu. Nalisema hili ili ieleweke kwamba hapakuwa na ugomvi.

Alianza na feni. Alitoa kidude cheusi kwenye kasha la fyuzi, akaweka kingine, akaiacha injini ingurume mpaka ikapata moto. Feni ikazunguka, taa ya joto ikazimika yenyewe. Ile ya injini ikabaki. Wakasubiri bomba lipoe, nikawapa chai. Kisha akaniomba maji ya sabuni. Nilimchanganyia mimi mwenyewe kwenye kopo. Akaingia chini ya gari, akalipaka bomba sabuni kwa sifongo, akamwambia Babu Pole awashe injini, naye akaziba tundu la nyuma kwa tambara. Akaniita, "Mama, njoo uone." Niliinama. Povu lilikuwa linafurika kwenye ufa mmoja, chini kabisa ya kiti cha mbele. Alipofunua zulia la ndani, mpira unaozunguka gia ulikuwa umechanika, vidole viwili vinapita.

Alimwambia hivi, na mimi nikiwa pale: "Moshi unaingia ndani. Huu hauna rangi, utawalaza watoto huku unadhani wamesinzia. Usibebe hata mmoja mpaka bomba lichomelewe."

Babu Pole akasema, "Basi nizimie hiyo taa. Mkuu wa shule anaikagua kila asubuhi."

"Hapana. Taa siifuti mpaka kazi iishe. Acha iwake ikusumbue."

"Una roho ngumu wewe. Utakosa mume."

"Nitakosa na wewe ukose kazi, lakini watoto watafika."

Hapo hatukucheka sana. Gari lililala kwetu. Ufunguo Babu Pole aliondoka nao.

Ijumaa tarehe 15, saa kumi na mbili na robo asubuhi, binti yangu alitoka kwenda kumfuata fundi wa kuchomelea vyuma, kabla hajapata kazi za watu wengine. Mashine aliiacha juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Kulikuwa na manyunyu. Saa kumi na mbili na nusu hivi, Babu Pole akabisha geti.

"Mama, fundi yuko wapi?"

"Amemfuata mchomeleaji. Keti umsubiri."

"Nikisubiri nimekwisha. Nizimie taa tu, nilifikishe shuleni wakalione, saa mbili nalirudisha."

Nikamwambia kazi hiyo siijui. Akacheka. "Wewe hujui? Umekaa na daktari miaka miwili, hujui sindano? Mama, hapa mtaani wote tunajua nani anamfundisha nani."

Afande, sikufika darasa la nne. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba najua kitu cha mashine. Kichwa kilinivimba.

(Hapa nilimsimamisha shahidi, nikamwonya kuwa halazimiki kusema neno linaloweza kumtia hatiani, na kwamba atakalosema linaweza kutumika mahakamani. Amejibu: "Andika tu, baba. Hilo ndilo lililonileta.")

Nilichukua mashine. Nikachomeka waya chini ya usukani. Nikabonyeza kitufe cha kushoto, kisha cha katikati mara mbili, kama anavyofanya yeye. Taa ya injini ikazimika. Babu Pole akanipigia makofi.

Naomba hili liandikwe vizuri. Kila gari linalotengenezwa kwetu, kitu cha mwisho binti yangu hubonyeza, taa huzimika, mwenye gari huondoka na furaha yake. Mimi nilikuwa naushika ule mwisho tu. Nilidhani kule kulala chini ya gari ni kutafuta ugonjwa, na kitufe ndicho dawa.

Afande ameniuliza, kama nilidhani ni dawa, kwa nini binti yangu hakukibonyeza tangu Alhamisi. Swali hilo lilinijia hata pale pale, mashine ikiwa mkononi, nikaliacha lipite.

Afande ameniuliza kama Babu Pole alikuja peke yake. Hakuja peke yake. Alikuja amewashika mkono watoto wawili wa jirani yake, msichana na mdogo wake, wamevaa sare, wana mabegi. Msichana alikaa kiti cha mbele. Mlango ulikuwa mzito kwake. Nilimfungia mimi. Nikamwambia apandishe kioo asilowe.

Saa moja na nusu nilisikia watu wanapiga kelele upande wa barabara kubwa. Mteja wangu wa sketi akaja mbio, akasema gari la shule limesimama kwenye mzunguko, watoto wanane wanatapika, na mmoja wa mbele haamki. Nikakaa chini.

Saa mbili kasoro dakika kumi binti yangu akarudi na mchomeleaji. Akauona ua mtupu. "Mama, gari liko wapi?" Nikasema, "Amelichukua." Akaiangalia mashine, haikuwa pale alipoiacha. Akaiwasha, akasoma, akaniangalia. Sikumwona akikasirika. Afadhali angenipigia kelele. Alisema tu, "Usimwambie mtu chochote, mama. Kunywa maji."

Polisi walifika saa sita mchana. Walisema dereva ameeleza kwamba fundi alifuta taa na kumhakikishia gari ni zima. Wakauliza, "Nani aliyefuta?" Binti yangu akasema, "Mimi." Hakunitazama. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale barazani, nina pini mdomoni za kukunjia pindo. Nilijiambia sikuweza kusema kwa sababu ya zile pini. Lakini pini hutemwa, afande. Nilikuwa naogopa. Wakampandisha kwenye gari, naye akageuka kuniambia, "Mama, pasi iko kwenye umeme."

Leo kabla ya kuja hapa nilipitia hospitali. Wanane wameruhusiwa. Yule msichana bado amewekewa hewa ya mashine. Muuguzi ameniambia usiku uliopita alianza kubana kidole akishikwa mkono. Mama yake alikuwa ameketi pembeni ya kitanda. Sikuthubutu kuingia. Nilisimama kwenye korido mpaka mfagizi akaniomba ninyanyue miguu.

Babu Pole aliambiwa asibebe watoto, na mimi nilikuwepo alipoambiwa. Nami niliyasikia maneno hayo hayo kwa masikio yangu. Kwa hiyo yeye ana lake na mimi nina langu. Binti yangu alichofanya ni kusema ukweli Alhamisi na kusema uongo Ijumaa, na huo uongo alinisemea mimi. Mtoeni. Mkono uliobonyeza ni huu.

Niliyoyasema yameishia hapo. Yametoka kinywani mwangu bila kushurutishwa, nimesomewa yote neno kwa neno, na ninayakubali.

Sahihi ya shahidi: (ameandika jina lake kwa herufi kubwa, akaweka na dole gumba)

Maelezo ya afisa aliyeandika:

Nimeyaandika maelezo haya mimi, Koplo wa zamu, kati ya saa 3:20 na saa 5:05 asubuhi. Mashine iliyochukuliwa kama kielelezo imekaguliwa mbele ya shahidi. Kumbukumbu yake inaonyesha namba zilifutwa tarehe 15, saa 12:41 asubuhi. Fundi wa kuchomelea vyuma, aliyehojiwa kwa simu, amesema wakati huo binti wa shahidi alikuwa karakanani kwake akingoja afungue. Dereva ataitwa ahojiwe upya. Shahidi anashikiliwa kwa mahojiano zaidi kama mtuhumiwa.

Binti yake ameachiwa saa 6:10 mchana na kuelezwa sababu. Ameambiwa yuko huru kwenda nyumbani. Hadi ninapofunga jalada hili, saa 9:30 alasiri, hajaondoka. Ameketi kwenye benchi nje ya mlango wa mahabusu, na humuuliza kila askari anayepita kama mama yake amekula.