Mji Nisioutaja

Jumatatu, 15 Desemba

Imeamuliwa! Wikendi ya mwaka mpya tunakwenda mjini. Siyo Bishkek — Bishkek tunakwenda hata kutafuta betri ya gari — bali ule mji mkubwa, ng'ambo ya mpaka, kwa Wakazaki. Joomart kaahidi mwenyewe, mdomo umejaa mkate. Aliniahidi mara ya kwanza wiki tuliyooana, na sasa mtoto wetu yuko jeshini. Lakini safari hii nimemfanya arudie maneno yake mbele ya mama yake, kwa hiyo hana pa kutokea.

Hapa Naryn barafu imeshika mpaka kitasa cha mlango. Huko nasikia kuna baridi ya kistaarabu. Nataka kuona metro! Nataka kushuka chini ya ardhi kwa ngazi zinazotembea zenyewe, nijue kunanukaje. Nataka kunywa kahawa ya bei ya kipumbavu nimekaa karibu na dirisha, nitazame watu wasionijua.

Kuna shida moja tu. Mji wenyewe siwezi kuutaja.

Jumanne, 16 Desemba

Sonun kaja kuazima chekecheke. Jirani yangu huyu amekulia Bishkek, mdomo wake hauna breki.

"Mnakwenda wapi vile?"

"Mjini. Ule wa mekundu."

Kacheka mpaka kaketi juu ya gunia la makaa. Eti nimezidi! Eti maharusi wa siku hizi wanawaita mama wakwe zao majina kama wanaita paka, na mbingu haijaanguka.

Mimi si wa siku hizi. Nilifundishwa na mama yangu: jina la mkwe halipiti kinywani mwa mke. Na hilo si gumu, mama mkwe namwita Apa kama mwanawe anavyomwita, kwisha. Balaa ni kwamba Apa aliitwa jina la tunda. Lile jekundu la mviringo, linalojaza ghala letu kila Septemba. Basi na tunda nalo silitaji. Sokoni nasema "nipimie mekundu", wauzaji wameshanizoea. Na mji ule mkubwa nao, waliouita wakaona watumie tunda hilo hilo!

Hata hapa, ambapo hasomi mtu, kalamu inagoma. Nimejaribu sasa hivi. Nimeandika herufi mbili nikazifuta, nikatazama mlango.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimekasirika sina hamu. Joomart kapangiwa zamu sikukuu yote. Ng'ombe wa wilaya nzima wameamua kuugua mwaka mpya, na daktari wa mifugo ni yeye peke yake! Kasema twende mwakani. Nikamwambia mwakani nitakuwa nimekufa nimezikwa na hilo buli mkononi. Kanywa chai yake.

Halafu Apa, ambaye alikuwa anamenya viazi pale kwenye jiko kama hasikii:

"Nitakwenda naye mimi."

Tukageuka wote wawili. Apa! Apa ambaye kwenda zahanati tu ni kumbembeleza. Goti lake la kulia limekwisha. Katikati ya Januari wanampasua, wamwekee la chuma.

Joomart: "Apa, na hilo goti?"

"Goti ni langu. Wewe tibu ng'ombe."

Basi ndiyo wikendi yangu hiyo. Kahawa, dirisha, na mama mkwe! Nacheka nisije nikalia. Lakini kuna kitu kinaniwasha: anataka nini huko? Kwa mapenzi yangu mimi hakika haendi.

Jumapili, 21 Desemba

Maswali ya Apa tangu asubuhi. Tutalala upande gani wa mji — wa mlimani au wa chini? Jumamosi kutakuwa na upepo? Na ile soksi ya sufu ya ngamia, nimeitupa wapi?

Nikamuuliza, Apa, kuna mtu unamjua huko? Kasema, "Nawajua wote. Wamekufa." Kaendelea kukanda unga.

Mchana kaazima tupa ya Joomart, kajifungia ghalani. Nikatega sikio mlangoni. Krrr. Krrr. Ananoa kitu. Nikamwambia kwa nje, Apa, kama ni visu nitavinoa mimi. Kelele zikakoma. "Visu ni vizima," kasema. Nikaondoka. Nilipofika jikoni nikasikia krrr tena.

Jumanne, 23 Desemba

Nimepata viti. Lakini kupata kwenyewe — aibu tupu!

Dereva wa basi dogo la Bishkek, namba yake nimepewa na Sonun. Ana magari ya kwenda kila upande, anaongea kama anafukuzwa. Nimempigia sebuleni, maana mtandao unashika hapo tu, na Apa yuko mbele yangu ananimiminia chai.

"Wapi?"

"Mji mkubwa. Ng'ambo ya mpaka."

"Upi, dada?"

Apa kanitazama. Buli limesimama hewani.

"Ule... wenye metro," nikasema.

"Aaa! Wenye metro. Na mnara wa televisheni?"

"Huo huo!"

"Na soko kubwa?"

"Ndiyo kaka, huo!"

"Sema basi! Ijumaa tarehe mbili, alasiri. Bebeni chakula, asubuhi mtakuwa huko."

Asubuhi? Sonun alisema ni mwendo wa saa chache. Labda ni foleni ya mpakani, sikukuu hizi. Nauli nayo imepanda, si mchezo. Lakini niliona fahari, nimeupita mtego bila kuteleza. Apa kanisogezea kikombe. Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja, sijui kwa nini.

Alhamisi, 25 Desemba

Nimejua!

Apa kaenda kwa jirani kumpa pole ya mafua. Nikaingia ghalani. Sikwenda kuchungulia — nilikwenda kuchukua mekundu ya kupika, na mfuko ulikuwa pale pale, nyuma ya pipa. Haya, nilichungulia. Viatu! Vyeusi, vya ngozi, vya kamba, na chini yake chuma kirefu chembamba kinachong'aa. Viatu vya kukimbilia kwenye barafu.

"Umeviona," kasema Apa mlangoni. Hakuwa amekasirika. Kaketi juu ya ndoo, kanyoosha goti.

Kabla ya kuolewa alikuwa mkimbiaji. Apa wangu! Walimchukua kutoka shule ya hapa hapa Naryn, wakampeleka kwenye ule uwanja wa barafu ulio mlimani, juu ya mji huo huo tunaokwenda. Misimu miwili. Mara moja alishinda, wakamtangaza kwa kipaza sauti. "Wewe Begaim, walitaja jina langu. Jina tu, bila kitu kingine. Mlima ukalirudisha." Halafu akaja nyumba hii kuolewa, na mama mkwe wake akaviweka viatu nyuma ya pipa. Havijatoka.

"Ninataka kusimama pale mara moja, kwa goti nililozaliwa nalo. Wakishaweka chuma, atakayesimama ni fundi wao."

"Apa, ukianguka?"

"Nitakuwa nimeanguka." Kisha kasema polepole, akichezea kamba: "Nani ananiita jina lile sasa? Baba yenu kafa. Dada zangu wamekwisha. Mimi ni Apa, ni bibi, ni mgonjwa anayefuata."

Nilitaka kumpa kitu, na kitu chenyewe ndicho nilichokatazwa. Nimemsaidia kupaka chuma mafuta. Joomart hatajua.

Jumatano, 31 Desemba

Pilikapilika. Saladi tatu, nyama ya kukaanga. Apa anazunguka ua mzima na fimbo yake, kwenda na kurudi, kwenye theluji. Joomart: "Apa ana nini?" Nikasema anatafuta kuku. Hatuna kuku! Joomart kasema aa, kaendelea kula.

Ijumaa, 2 Januari

Naandika kwenye meza ya duka la sambusa kando ya barabara, katika mji mdogo wa Kara-Balta. Kidole gumba kimekufa ganzi. Hatuko tunakopaswa kuwa, hata kidogo.

Tulifika Bishkek vizuri, dereva akatupokea, "Karibuni, wa metro!" Tukakaa viti vya mbele. Apa kapakata mfuko wake kama mtoto mchanga. Basi likaondoka. Mimi nawaza metro, nawaza kesho asubuhi uwanja ukifunguliwa, nimshike mkono gani. Apa anatazama mbele. Halafu:

"Begaim. Jua linatupiga usoni."

"Ndiyo Apa, nivute pazia?"

"Ni alasiri. Huko tuendako ni mashariki, jua lingetupiga kisogoni."

Nikainuka, nikamshika dereva bega. Mji gani huu? "Tashkent, dada! Wenye metro, wenye mnara, wenye soko kubwa. Si ulisema?"

Tashkent! Mungu wangu. Tashkent nayo ina metro!

"Siyo huo! Simamisha gari!"

"Basi unataka upi?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Basi zima limenyoosha shingo. Mama mmoja nyuma: "Moskva?" Kijana: "Dubai hiyo!" Kicheko. Babu wa dirishani akanionea huruma, akaanza, "Lakini huyu bila shaka anataka —" na Apa akamgonga goti kwa fimbo.

"Nyamaza wewe. Ana mdomo wake."

Nikamgeukia. Yeye angeweza kusema. Neno moja tu, yeye hakukatazwa, ni lake! Hakusema. Alikuwa ananitazama hivi, shingo mbele, na mfuko kaukumbatia, na nikaelewa anasubiri nini. Nikamwangalia yeye, si dereva.

"Alma..." nikasema.

Nikakwama hapo hapo. Nusu ya neno. Na ile nusu ndiyo jina lake, zima, kama alivyopewa.

"Naam!" kaitika Apa.

Kwa sauti! Kama aliyeitwa toka mbali. Macho yake yamejaa machozi na anacheka, na mimi nalia mbele ya watu nisiowajua, na dereva anauliza, "Alma nini, sasa?" Nikamalizia ile "ty" kwa aibu. "Almaty! Ungesema basi, dada!" kafoka, kapiga breki, katushusha hapa, kageuza macho mbinguni.

Almaty. Haya, nimeuandika. Almaty. Kalamu haijavunjika.

Jua limeshazama. Mwenye duka kasema magari ya kwenda huko ni machache saa hizi, labda yapatikane, labda tulale kwa shemeji yake. Uwanja unafunguliwa asubuhi, na kurudi ni keshokutwa. Apa kagoma kukaa ndani. Yuko barabarani na fimbo, kaninyima hata kumfunga skafu. Magari mawili yamesimama, yote ya Bishkek tu. Kila mara amekuja kuniita nitoke niseme mimi tunakwenda wapi, na kila nilipofika nusu ya neno kaitika.

Taa nyingine hizo. Gari linapunguza mwendo. Apa anagonga kioo cha duka.

"Toka, mwanangu. Njoo uniite."