Maneno Manne ya Egwang

Jumapili, 4 Agosti 1996

Leo stage ya baiskeli hapa Malaba ilikuwa baridi. Egwang alinisalimia hivi: "Habari ya asubuhi, Bwana Orwa." Bwana! Miaka tano huyu mtu ananiita Mgongo Wazi, kwa sababu nimekonda kama ile mifupa ya samaki mbuta inabaki factory ikitoa nyama. Leo ni Bwana. Afadhali angenipiga.

Makosa ni yangu. Jana tulienda Amukura, kwa kina Apolot, yule msichana Egwang anataka kuoa. Wazee walikuwa na mirija yao kwa nyungu ya pombe, wote wana furaha. Mzee Ejoku, baba ya Apolot, akaniuliza mimi rafiki nimwambie Egwang ni mtu wa aina gani. Mdomo wangu huu! Nikasema, "Ni mtu mzuri sana, hata ule bibi ameoa huko Tororo anamsifu."

Nilicheka. Pekee yangu.

Mzee akatoa mrija kwa mdomo, akasimama. Mkutano ikaisha. Huko nje Egwang akaniangalia, akasema neno moja tu: "Insult."

Jumatatu, 5 Agosti

Sikulala vizuri. Nakumbuka '91. Tulikuwa na baiskeli moja, mimi na yeye, zamu kwa zamu, kuvusha watu na mizigo mpaka upande wa Uganda. Malori yakipanga laini mpaka huko nyuma, hakuna kazi, tunakaa kwa nyasi na kutaniana. Mimi niliachia darasa la nne. Yeye alifika form two, Kizungu anayo. Siku moja akasema utani yetu haina sheria, lazima tuipange na Kizungu.

Kidding – hiyo ndogo. Unamwambia mtu kichwa yake ni kama papai, hata yeye anacheka.

Teasing – hiyo inawasha kidogo, kama siafu moja kwa suruali.

Mocking – siafu wengi. Ukifika hapo unanunulia mwenzako chai.

Insult – hiyo ya mwisho. Tuliiweka tu iwe kama geti. Hakuna mtu alishawahi kufika.

Na sheria ni: yule ametaniwa ndiye anasema ni gani. Mtu anakutupia maneno, stage yote inanyamaza, inangoja. Unasema, "Teasing!" Wanapiga makofi! Hata madereva wa malori walijua. Hiyo miaka ilikuwa tamu, wacha tu.

Jumanne, 6 Agosti

Nimeenda Amukura kumwambia mzee ukweli. Nikasema ile ya Tororo ilikuwa mchezo, hakuna bibi. Mzee akaniuliza, "Na sasa hivi unacheza ama umeacha?" Nikasema nimeacha. Akasema, "Hata siku ile ungesema hivyo." Akaingia kwa nyumba.

Kurudi, nikapita kwa Mama Amoding wa chai. Nikamwambia, Mama, mandazi yako inaungua. Akacheka! "Huyu Orwa, ondoka hapa." Nikasema kweli, mama. Akacheka zaidi, akashika kiuno. Karai yote ikawa makaa.

Halafu akanigombeza mimi: "Kwa nini hukusema vizuri?"

Jumatano, 7 Agosti

Apolot amekuja sokoni, amenitafuta. Hakuketi.

"Baba amesema mje Jumamosi. Lakini wewe, kutoka saa hii mpaka wazee wamalize, usitoe utani hata moja. Ikitoka moja, chukua rafiki yako mrudi kwenu."

Nikamuuliza kama yeye anaamini ile ya Tororo. Akasema hapana, yeye anamjua Egwang. "Lakini baba anataka kuona kama ndani yako kuna mtu."

Nilikuwa na jibu nzuri sana hapo. Nikaimeza.

Alhamisi, 8 Agosti

Sijatania mtu. Mama mmoja nimebeba kutoka customs, katikati ya njia ameniambia nisimamishe. Anauliza kama nimefiwa.

Egwang bado ni Bwana, Bwana.

Ijumaa, 9 Agosti

Hakuna. Mdomo unawasha.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika hapa Amukura, nyuma ya ghala. Wazee wako ndani.

Mzee Ejoku aliniuliza mbele ya wote: "Huko Tororo kuna nani?" Nikasema, hakuna mtu, mzee. Nilisema uongo nikitaka watu wacheke, nikaharibia ndugu yangu. Hakuna mtu alicheka. Mara ya kwanza nimefurahi watu wakinyamaza. Wametutoa nje wapate kuongea.

Egwang amekaa mwisho ya benchi. Mimi huku. Katikati ingetosha gunia mbili za mahindi. Nimeandika kuonyesha niko na kazi.

Sasa amesonga karibu. Ameangalia hii koti nimeazima, inafika kwa magoti. Amesema pole pole:

"Mgongo Wazi. Hiyo koti, maiti alikupa ama ulimvua?"

Mgongo Wazi! Ameniita Mgongo Wazi!

Majibu tano ziko kwa koo. Tano! Mzee Ejoku amegeuza kiti, anatuangalia kwa mlango. Na Egwang anangoja, vile tulikuwa tunangoja kwa nyasi. Sheria ni yangu, mimi ndiye nimetaniwa.

Mzee alikataza mdomo wangu tu. Peni hakutaja. Na hii utani yake imewasha mpaka kwa macho, kwa hivyo naandika kubwa, Egwang asome mwenyewe:

TEASING

Nageuza kitabu. Anasoma. Mabega yake yameanza kutingika – wacha kucheka, wewe, watasikia – mzee amesimama, anakuja huku –